Antena Yetu Inatazama Wapi

Jumanne, 5 Machi 2002

Bandarini kama kila siku. Saruji kutoka Kigoma, magunia mengi yameloa. Kisha sanduku lililoandikwa vipuri vya baiskeli. Kazi yetu sisi mawakala wa kutoa mizigo ni kujua kilichomo kabla ya watu wa forodha, basi nikaomba lifunguliwe. Vitenge. Mwenye mzigo akacheka, kana kwamba sote wawili tulikuwa tunataniana. Sikucheka.

Nyumbani nimejikwaa kwenye bomba la chuma. Limelala kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Mume wangu Yasini anasema litasimama stoo, lipenye dari, lipenye bati, na juu yake itakaa antena ya daktari.

Daktari yule Mzungu alimwachia mume wangu redio na antena alipoondoka Bujumbura kwa haraka. Yasini alikuwa akimtengenezea vyombo vyake. Masanduku yamekaa chini ya kitanda chetu muda wote huu. Kwa nini yatoke sasa, vita vikiwa hapo juu milimani? Nimemuuliza. Anasema kibali kimetoka. Amenionyesha karatasi, muhuri upo. Ni kibali cha watu wanaozungumza na dunia kwa kupenda tu, bila kazi, bila mshahara. Sijawahi kusikia mtu akiomba ruhusa ya kuongea na wasiomjua.

Sipendi.

Jumamosi, 9 Machi

Wametoboa paa. Paa la marehemu baba, ambalo halijawahi kuvuja tangu alipolijenga.

Kaka yangu Shabani amekuja kutoka mtaa wa Buyenzi na mashine yake ya kuchomelea. Yeye juu, Yasini chini na timazi. Mota inakaa chini, sakafuni stoo, na bomba lote linazunguka kutoka hapo hadi juu ya nyumba. Yasini anasema mota ikiwekwa juu itapatwa na mvua, au risasi, au mwizi. Ikikaa stoo, ni yetu. Stoo imepakana na chumba chetu cha kulala.

Shabani kutoka juu ya bati: "Shemeji, hii tundu ni ya antena ao ya kukimbilia?"

"We toboa tu. Na hilo tumbo lako hautapita."

Wamecheka. Wanaume wakishika chuma huwa watoto.

Kuzunguka tundu wamesimamisha kola ya bati, wakaibandika kwa lami. Juu yake Yasini amefunga sketi aliyokata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Sketi inazunguka na bomba, maji yanateleza juu yake. Ni kazi nzuri, siwezi kukataa. Ila mvua imekuja kabla ya lami kukauka. Mchele wa stoo umeloa nusu gunia.

Jumapili, 10 Machi

Imepanda. Bomba fupi la katikati, na fito tatu ndefu za alumini zilizolikatiza. Ndefu kuliko nyumba ilivyo pana. Watu wa barabara nzima wametoka.

Mama Kelia, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekimbia kutoka Uvira, Kongo, miaka ile, alikuwa wa kwanza kusema. "Eh, Mama Rehema! Sasa munaanikaka ndagala ku paa?"

Kicheko. Kweli inafanana na kichanja cha kuanikia samaki.

Kisha Yasini, akiwa ndani, akaigeuza. Ikaanza kuzunguka taratibu, hakuna mtu juu, hakuna kamba. Kicheko kikakatika. Mama Kelia akasogea karibu yangu. "Mutu iko anageuza, ao inajigeuza yenyewe?" Nikamwambia kuna mota. Akasema aah. Aah ya mtu ambaye hajaridhika.

Nimefurahi kwamba binti yetu Rehema yuko Kigoma kwa shangazi yake. Sababu ya kufurahi sitaki kuiandika.

Alhamisi, 14 Machi

Kila jioni yumo stoo. Kwanza bomba linaguna ukutani. Kisha kimya. Kisha sauti yake, anataja herufi moja moja kwa Kifaransa na Kiingereza, kama mtu anayesomesha watoto. Kisha anasikiliza kwa muda mrefu.

Nimeuliza alikuwa anaongea na nani. "Mutu wa Finlandi."

Mlisema nini? "Hali ya hewa. Kwao kuna theluji."

Muda wote ule, theluji? Sijui mtu ambaye anaweza kuizungumzia mvua ya Bujumbura kwa muda huo, na mvua ya Bujumbura inaua watu.

Yasini aliwahi kuwa mtu wa fonie, redio ya mawasiliano, katika kampuni ya meli, kabla hajafungua duka la kutengeneza redio. Anajua kuongea hewani na kutosema kitu. Nilimpenda kwa hilo pia.

Jumatatu, 18 Machi

Ninachunguza.

Jioni, anapoingia stoo, natoka nje kama mtu anayeanua nguo. Fito zinazunguka, zinasimama. Kila jioni zinasimama palepale. Ncha moja imenyooka mashariki, milimani. Ncha nyingine imenyooka ziwani, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Wenye bunduki wako milimani, na Kongo wako pia. Mtoto anajua hilo.

Wakati wa chakula nimemuuliza kwa upole, huku nikimwongezea mboga ya lenga-lenga: antena unaielekeza wapi?

"Kaskazini. Ulaya."

Hakusita hata kidogo. Amenitazama usoni.

Kila nyumba yenye televisheni hapa mtaani kwetu Kinindo ina antena, na kila mtu anajua kuisoma. Chuma kirefu ndicho kinachoonyesha inakotazama, na yetu virefu ni fito. Nina macho. Mume wangu ananidanganya, na anadanganya vizuri.

Jumatano, 20 Machi

Mama Kelia ameniita pembeni nikitoka kazini. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya kitenge, amejiandaa kwa maneno.

"Mama Rehema, mi siko mutu wa kusemasema. Lakini ile kitu yenu, kichwa kimoja ku mulima, kingine ku Kongo. Juu ya nini, sababu gani?"

Nikasema ni redio tu, ya kuongea na Ulaya.

"Ulaya iko ku mulima?"

Nikaaga. Amesema na wengine, naona. Mwenye kibanda cha sukari na sabuni amenipa chenji bila kuniangalia.

Sijamwambia Yasini. Ninaogopa atakavyojibu. La. Ninaogopa kwamba atajibu vizuri tena.

Jumamosi, 23 Machi

Mizinga imeanza tukiwa tunakula. Tumelala chini kwenye korido, magodoro juu yetu. Bomu moja limeanguka karibu, madirisha ya sebuleni yameondoka yote. Yasini alinishika mkono mpaka kukawa kimya. Mkono wake ulikuwa mkavu. Wangu ulikuwa umeloa jasho. Nikajiuliza kwa nini yeye haogopi.

Ukuta wa nyumba ya kona umeanguka. Zamu wa pale, mlinzi wa usiku, ameumia mguu, wamempeleka hospitali kwa mkokoteni.

Yasini alikuwa stoo jioni hii. Alitoka muda mfupi tu kabla ya bomu la kwanza.

Sasa nimeandika. Nilitaka nisiandike.

Jumapili, 24 Machi

Wamekuja asubuhi. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, askari wawili, na barabara nzima nyuma yao. Shefu Melkiori si mtu mbaya. Alisoma na marehemu kaka yangu mkubwa. Alivua kofia.

Yasini akatoa kibali. Shefu akakisoma chote, akakipindua, akasoma na nyuma kulikokuwa kutupu. "Hii karatasi inasema antena. Haisemi kama itazunguka."

"Shefu, antena ya namna hii ni lazima izunguke."

"Juu ya nini ilazimike? Ya kwangu ya televisheni imetulia."

"Hiyo ndiyo shida, Shefu. Hii si kama ya televisheni, haiangalii vile..." Askari mmoja akamwambia anyamaze.

Watu wakapiga kelele, wanaonyesha juu. Fito zilikuwa kama zilivyobaki jana. Milimani na Kongo. Shefu akageuka kwangu. Labda alitaka kusaidia. Kila mtu hapa anajua mimi sisemi uongo, hata wenye mizigo bandarini wanalalamika kwa hilo.

"Mama Rehema, we unaona inaangalia wapi?"

Ningeweza kusema sijui.

Nikasema: "Naona inaangalia milimani."

Yasini hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Wakamchukua. Hawakumpiga, si mbele yetu. Wamesema anakwenda kuulizwa maswali tu. Wengi waliokwenda kuulizwa maswali tu hawajarudi, na hakuna anayejua maswali yalikuwa nini.

Jumatatu, 25 Machi

Sikwenda bandarini. Nimezunguka mji mzima na chakula mkononi. Mahali pa kwanza wamesema hayupo. Pa pili wamesema niulize pa kwanza. Pa tatu askari amechukua chakula na hakuuliza cha nani.

Shabani amekuja. Amekaa mlangoni, hakutaka kuingia.

"Dada, ulisema vile mbele ya batu?"

"Niliulizwa."

"Na mimi niliyechomea ile chuma? Siku wakiniuliza na mimi, utawaambia nini?"

Nikamuuliza kama anaamini Yasini anaongea na watu wa milimani. Akasema shemeji hawezi hata kubishana na muuza mkate. Hilo si ushahidi. Lakini nimelibeba siku nzima.

Lingine nimelibeba pia, neno la Yasini mbele ya Shefu. Hii si kama ya televisheni, haiangalii vile. Vile vipi? Walimkatiza. Mtu anayetaka kudanganya asingeanzia hapo.

Jumanne, 26 Machi

Sanduku lisomwe kwa kufunguliwa. Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi. Hili nililisoma lebo tu.

Nimeingia stoo mchana, peke yangu, mara ya kwanza tangu aweke vyombo. Redio hawajaichukua. Askari hawakuingia stoo, waliogopa kugusa. Kuna kisanduku chenye mshale na swichi ya kugeuzia. Mshale ulikuwa umelala kaskazini. Nikatoka nje kutazama. Fito zimenyooka milimani. Basi kisanduku nacho kinadanganya, nikasema. Au.

Nikawasha. Nikazungusha kitufe polepole mpaka nikapata idhaa ya Ulaya, Kifaransa, sauti ya mwanamke anasoma habari. Ilikuwa na nguvu, kama yuko jikoni. Nikabonyeza swichi, bomba likaguna, mshale ukatembea kuelekea mashariki. Sauti ikaanza kuzama. Ikazama mpaka nikawa nasikia mvumo tu. Nikatoka nje. Fito sasa zimelala sambamba na barabara, ncha moja mjini, ncha nyingine kusini, njia ya Rumonge.

Nikarudisha. Sauti ikarudi. Nikageuza tena, ikafa tena. Nikarudia, ikawa hivyohivyo.

Nimesimama uani, nimeitazama juu, na bila kufikiri nimenyoosha mikono yangu pembeni kama zile fito. Mkono mmoja ulielekea milimani, mwingine ziwani. Uso wangu ulikuwa unatazama mjini. Kaskazini.

Mtu akinyoosha mikono hatazami inakoelekea mikono yake, anatazama mbele. Fito ndefu ni mikono. Kumbe tulikuwa tunasoma mikono, barabara nzima, na mimi mbele yao. Kwa Yasini ni jambo dogo mno, hakufikiri kuna mtu wa kuelezwa.

Nimekaa chini kwenye saruji. Nimelia kwa hasira, kwanza juu yake kwa kutosema, kisha juu yangu mwenyewe.

Jumatano, 27 Machi

Nimekwenda kwa Shefu alfajiri. Nimemwambia nilisema nilichoona, na nilichoona si kweli. Nikasimama katikati ya ua wake, mikono pembeni, nikamweleza. Mke wake alitoka akadhani nimepandwa na wazimu. Shefu akasema atakuja kusikia mwenyewe. Nikaomba na Mama Kelia aje. Akiamini yeye, wengine watafuata.

Wamekuja jioni. Stoo ni ndogo, Shefu akakaa juu ya gunia. Idhaa ilikuwa inasoma matokeo ya mpira. Nikageuza. Sauti ikazama.

"Eh, rudisha! Walifungana ngapi?"

"Shefu," akasema Mama Kelia, "tulikuja ku mambo ya vita."

Nikamtuma Mama Kelia nje aangalie fito wakati sauti ina nguvu. Akapiga kelele kutoka uani: "Ku mulima na ku Kongo!" Na sauti je? "Naisikia mpaka huku!" Nikageuza. "Sasa ziko ku barabara!" Na sauti? Akarudi ndani. "Imekufa," akasema. Akatazama mikono yake mwenyewe. "Basi tulikuwa tunaangalia mikono."

Nilidhani nimemaliza. Shefu akajifuta jasho.

"Mama, mi nimeelewa. Huyu naye ameelewa. Lakini kartie nzima haiwezi kupita mu hii stoo. Nitasema kwa wakubwa leo hii. Bwana yako akirudi, kila jioni muilaze na barabara. Vile watu hawaoni kitu ku mulima."

"Shefu, ikilala na barabara ndipo uso wake unatazama milimani. Kweli kabisa."

"Najua. Umeniambia sasa hivi."

"Sasa?"

"We unatafuta bwana, ao unatafuta kushinda?"

Nikasema natafuta bwana.

Ijumaa, 29 Machi

Hakuna habari. Mama Kelia ameleta ndagala. Hakukaa.

Nimeswali swala zote na sikumbuki niliomba nini. Nimefagia stoo. Nimefua mashati yake ambayo yalikuwa safi.

Nikisikia gari, nakwenda dirishani. Dirisha halina kioo, tumeweka plastiki. Naona vivuli tu.

Jumamosi, 30 Machi

Amerudi kwa miguu, mchana, viatu mkononi. Amekonda uso. Jicho la kushoto limevimba. Ameoga muda mrefu sana. Nimempikia wali na maharage, amekula kidogo.

Nimemweleza yote. Idhaa, fito, mikono, Shefu juu ya gunia. Nimesema: nilikosea, Baba Rehema. Nimesema mara moja, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu nilichokisema siku ile nilikisema kwa sauti.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ulisema Ulaya."

"Na mi nilikujibu."

Ni kweli. Alinijibu.

Jumatatu, 8 Aprili

Redio inafanya kazi tena. Si kila jioni. Akimaliza hunigongea ukuta, nami naingia na kugeuza fito zilale na barabara. Yeye hataki kugeuza kwa ajili ya hilo. Anasema ni uongo, na uongo ule ni wangu. Sibishi. Barabara imetulia. Mwenye kibanda ananisalimia. Mama Kelia akiziona zimelala ananyanyua kidole gumba. Antena yetu sasa inatazama milima usiku kucha, na kila mtu analala vizuri.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua ndogo. Shabani amekuja kubandika vioo vya dirisha. Tumekula pamoja, watatu. Shabani ndiye aliyeongea.

Jana nilichelewa bandarini, meli iliingia jioni. Leo, Shabani alipoondoka, Yasini ameniuliza kwa nini nilichelewa. Katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniuliza. Nikamweleza. Akasema sawa.

Akakunja gazeti. Kisha akauliza ni meli gani. Nikamtajia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza ilikuwa imebeba nini, kama watu wa forodha.

Mchele, nikasema.

Ulikuwa mchele kweli.